Ngao ya Tumbo la Gari: Kulinda Gari la Wagonjwa Kati ya Jinja na Mlima Elgon

Mfululizo: Gari la msaada lifike, na lirudi
Muda: dakika 18
Walengwa: madereva na mafundi wa magari ya wagonjwa, wasimamizi wa vituo vya afya, kamati za maafa za vijiji

(MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE KUMI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, hujambo popote ulipo, iwe uko kando ya Mto Nile pale Jinja, uko sokoni Mbale, au umekaa mlangoni pa nyumba yako huko juu Bududa na Bulambuli. Juma lililopita tulizungumzia matairi. Leo fundi wetu anaingia uvunguni mwa gari. Atatueleza jinsi ya kufunga ngao za chuma chini na ubavuni mwa gari la wagonjwa, ili mawe ya mlimani yasilivunje. Dereva, chukua daftari. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, ndugu mtangazaji. Wasikilizaji wangu, salaam.

Nianze kwa kuondoa wasiwasi. Nikisema ngao ya gari, sisemi deraya ya kuzuia risasi. Hiyo ni kazi ya jeshi. Gari letu linabeba mama mjamzito, mtoto mwenye malaria kali, au chakula na mablanketi kwa watu waliofukuliwa kwenye udongo. Adui wake ni jiwe. Adui wa pili ni kisiki kilichofunikwa na majani. Wa tatu ni ukingo wa korongo ambalo mvua ya jana imelichimba katikati ya barabara.

Mashariki mwa Uganda tunaujua udongo wetu. Mlima Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Miteremko yake ina rutuba, ndiyo maana kahawa inastawi na watu ni wengi. Lakini udongo huo ukishiba maji, unateleza. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, Bududa. Ulizika nyumba, soko na kituo cha afya chenyewe. Oktoba 2018 mto uliofurika ulishusha mawe na magogo Bukalasi, wilaya hiyo hiyo. Mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko yaliingia Mbale mjini. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli.

Kila mara hali ni ile ile. Siku ambayo gari la msaada linahitajika kuliko siku zote ndiyo siku ambayo barabara ni mbaya kuliko siku zote. Mawe ambayo wiki iliyopita yalikuwa juu ya mlima, leo yako katikati ya njia.

Sasa fikirini. Sampu ya injini, yaani lile bakuli la chini linalotunza oili, ni bati jembamba tu. Jiwe moja likiitoboa, oili yote inamwagika kwa dakika chache. Dereva akiendelea, injini inakufa. Akisimama, mgonjwa anabaki njiani. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana siku nzima ya kusubiri gari jingine kutoka mjini. Ana saa chache. Kwa hiyo ngao ya chini ya gari tuihesabu pamoja na dawa na machela, si pamoja na mapambo.

(MUZIKI MFUPI)

FUNDI: Sehemu ya kwanza: kulichunguza gari kabla ya kununua chuma.

Magari mapya ya mashirika makubwa mara nyingi huja yameandaliwa. Kuna kampuni iliyoko Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyatayarisha magari ya misaada kabla hayajasafirishwa. Lakini gari la kituo chako huenda lilinunuliwa limetumika, au lilitolewa na mfadhili aliyelitumia kwenye lami. Usikisie kilichopo chini yake. Lioshe uvunguni, liweke mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe au magogo, kisha ingia na tochi.

Na hapa nasema kwa sauti kubwa: usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki inainua, haishikilii. Weka stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawasawa chini ya chesisi. Kijana wa gereji ana mama yake pia.

Ukiwa chini, tafuta makovu. Gari lina kumbukumbu. Palipokwaruzwa hung'aa au hupata kutu mpya, na hapo ndipo mawe ya barabara yako hupiga. Anza mbele uende nyuma: rejeta na tai rodi za usukani, sampu ya injini, giaboksi na kasha la gia za magurudumu manne, paipu za breki na za dizeli, tangi la mafuta, na mwisho difu ya nyuma. Andika kila kovu kwenye daftari. Ngao itafuata makovu hayo. Haitafuata picha uliyoiona kwenye kalenda.

Jambo moja linawachanganya wengi. Kwenye Land Cruiser za kazi zenye ekseli nzima mbele na nyuma, kitu kinachoning'inia chini kabisa ni difu, lile bonge la katikati ya ekseli. Ngao ya kwenye chesisi haiifuniki. Ukiweka springi ndefu, mwili wa gari unapanda, difu inabaki pale pale, kwa sababu inakwenda na magurudumu. Kwa hiyo dereva lazima ajue difu yake iko upande gani, na jiwe kubwa alipandishe tairi, asilipitishe katikati. Hilo halina chuma cha kulitibu. Ni akili ya mwenye usukani.

Sehemu ya pili: kuchagua chuma.

Hapa Jinja ina bahati yake. Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na umeme kupatikana, mji huu umekuwa mji wa viwanda, chuma kikiwemo. Bamba la chuma utalipata, na mtu wa kulikunja na kulichomelea utampata.

Kuna watakaokushauri alumini. Wana hoja. Bamba la alumini la milimita 6 linakaribia ugumu wa kutopinda wa chuma cha milimita 4, na uzito wake ni kama nusu. Lakini jiulize swali la mlimani: likipasuka huko Mbale, nani atalichomelea? Alumini inataka mashine yake na mkono uliozoea. Chuma cha kawaida kinachomelewa na fundi yeyote mwenye mashine ya vijiti na umeme wa jenereta. Tena alumini ni laini, jiwe lenye ncha huchimba ndani yake na kuling'ang'ania gari, wakati chuma huteleza juu ya jiwe. Kwa gari la wagonjwa la mashariki, mimi nachagua chuma.

Unene: milimita 4 kwa ngao ya mbele inayolinda sampu, milimita 3 kwa giaboksi na tangi. Usitumie bati la nyumba wala chuma cha pipa. Likigongwa linakunjika na kuibana sampu, na hapo ngao inakuwa mwizi aliyeajiriwa ulinzi. Na lile bamba lenye nundu linalopendwa kwa kung'aa, ukilazimika kulitumia, geuza nundu zitazame juu. Upande wa mawe uwe laini.

(MUZIKI MFUPI)

FUNDI: Sehemu ya tatu: kupima, kukata na kukunja.

Usikate chuma kwanza. Kata kadibodi. Ishike chini ya gari, chora matundu, chora mikunjo, jaribu tena mpaka ikae. Kadibodi ikikosewa unaitupa, bamba likikosewa umetupa fedha za dawa.

Ukingo wa mbele ukunje kuelekea juu, kama pua ya mtumbwi wa ziwani. Mtumbwi haulipigi wimbi, unalipanda. Ngao nayo ilipande jiwe. Kama utaweka mabamba mawili, la injini na la giaboksi, yapange kama mabati ya paa: ukingo wa nyuma wa bamba la mbele uje chini ya ukingo wa mbele wa bamba la nyuma. Hivyo jiwe linalosugua kuelekea nyuma halipati mdomo wa kushika. Ukingo wa mwisho kabisa nao uinue kidogo, kwa sababu mlimani kurudi kinyumenyume ni jambo la kila siku.

Acha nafasi kati ya ngao na sampu. Vidole viwili vilivyolala ni kidogo mno, mimi huacha vitatu, kama sentimita 5. Chuma kitapinda kikipigwa, na kikipinda kisifike kwenye kile kinacholindwa. Angalia pia ekseli ya mbele: gari likishuka shimoni ekseli inapanda juu. Kama ngao imekaa kwenye njia yake, zitagongana na wewe utadhani springi zimevunjika.

Kisha matundu. Toboa tundu la kumwagia oili chini kabisa ya boliti ya sampu, na jingine la kufikia chujio. Ngao isiyokuwa na tundu hilo itafunguliwa mara moja, na kwa uvivu wa binadamu haitarudishwa. Weka pia matundu ya kupitisha hewa na maji. Matope yakijaa juu ya ngao yanakauka, yanaongeza uzito, na yanazuia joto kutoka.

Na kwenu mnaoshuka kutoka Mbale kwenda Teso na Karamoja wakati wa kiangazi: nyasi kavu. Nyasi huingia juu ya ngao na kukaa karibu na bomba la moshi. Bomba hilo ni la moto. Magari yameungua hivyo. Usiifikishe ngao karibu na bomba la moshi, na kila mnaposimama, dereva apige magoti, achungulie, atoe nyasi kwa fimbo.

Sehemu ya nne: kufunga.

Ngao ifungwe kwenye chesisi na kwenye vyuma vya kati vinavyounganisha chesisi. Isifungwe kwenye injini wala kwenye giaboksi. Injini inakaa juu ya raba, inacheza kila inapounguruma. Ukiiunganisha na bamba linalopigwa mawe, kila pigo litaingia kwenye kasha la giaboksi, na kasha hilo likipasuka, hiyo si kazi ya kijiti cha kuchomelea.

Tumia matundu ya kiwandani kadiri uwezavyo. Ukilazimika kutoboa, toboa ubavu wa chesisi, usitoboe uso wa juu wala wa chini, maana huko ndiko chesisi inakobeba mzigo. Usiichomelee ngao kwenye chesisi. Ngao ni nguo, lazima ivuliwe.

Kazi ya kuchomelea ifanyike bamba likiwa benchi, si likiwa garini. Ikibidi kuchomelea karibu na gari, ondoa kwanza waya za betri. Na usichomelee tangi la dizeli wala kitu kilichoshikana nalo, hata kama linasemekana ni tupu. Mvuke ulio ndani ya tangi tupu unaweza kulipuka.

Boliti ziwe ngumu, za daraja la 8.8, unene wa milimita 10 au 12, na washa pana. Vichwa vyake visijitokeze nje. Ama uvizamishe ndani ya bamba, ama uchomelee pete ya chuma kuvizunguka, la sivyo mawe yatavisaga mpaka spana ikose pa kushika. Paka grisi kwenye nyuzi. Siku utakapotaka kufungua ngao usiku, mvua ikinyesha, utaishukuru grisi hiyo.

Vyuma vya ubavuni, vile vya chini ya milango, navyo vishikwe na chesisi. Vikishikwa na bodi, jiwe likivisukuma milango haitafungika. Kwa gari la wagonjwa vyuma hivyo vina faida ya pili: muuguzi anapata pa kukanyaga, na jeki inapata pa kushika gari likizama kwenye matope.

(MUZIKI MFUPI)

FUNDI: Sehemu ya tano, na hii wasimamizi wa vituo waisikilize: uzito.

Tupige hesabu. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 4 ina uzito wa kilo 31 na kidogo. Cha milimita 3 ni kilo 23 na nusu. Ngao ya mbele ya sentimita 80 kwa 90 ni karibu kilo 23. Ya giaboksi ya sentimita 70 kwa 80 ni kilo 13. Ya tangi ya sentimita 60 kwa 110 ni zaidi ya kilo 15. Ongeza vyuma viwili vya ubavuni, kama kilo 20 kila kimoja. Jumla imepita kilo 90. Hiyo ni karibu mifuko miwili ya saruji, na gari halijapakia hata bandeji.

Kilo 90 ni mtu mzima. Ni msindikizaji wa mgonjwa ambaye sasa hana nafasi, au ni maboksi ya dawa na maji yanayobaki stoo. Uzito huo unakula dizeli kila siku, unachelewesha breki kwenye mteremko, na ukizidi mbele unazikalisha springi. Gari likikaa chini sentimita 3 kwa sababu ya ngao, limeyasogelea mawe yale yale uliyotaka kuyaepuka. Nimewaona wenye magari wanaoongeza chuma juu ya chuma, bampa kubwa mbele, ngazi nyuma, mpaka gari linapumua kama ng'ombe wa kulima. Gari la namna hiyo linapendeza likiwa limeegeshwa.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari la makovu. Palipopigwa, linda. Pasipopigwa, acha. Kwa magari mengi ya Bududa na Bulambuli, ngao ya sampu ni ya lazima, ya giaboksi inafuata, ya tangi hutegemea tangi linavyoning'inia. Mengine ni baada ya hapo, fedha zikiwepo na springi zikiruhusu.

Sehemu ya sita: majaribio.

Kama ngao imefungwa Jinja, barabara ya kwenda Mbale ni mtihani mzuri. Pita Iganga, shika ya Tirinyi. Ni takriban kilomita 150, na sehemu kubwa ni tambarare na lami, kwa hiyo kelele yoyote mpya utaisikia. Tazama mshale wa joto la injini. Ukipanda kuliko ilivyokuwa kabla ya ngao, hewa haipiti, ongeza matundu. Ukifika Mbale, kabla ya kuanza kupanda mlima, ingia chini ukaze boliti zote upya. Boliti mpya hulegea baada ya safari ya kwanza, maana rangi na kutu hukaa sawa na kuacha nafasi. Boliti iliyolegea Mbale mjini ni kazi ya dakika 5. Ikianguka kwenye mteremko wa Bukalasi, ngao inaning'inia na kulima barabara, na wewe uko gizani na mgonjwa nyuma.

Baada ya hapo, kila huduma ya kubadilisha oili, ngao ivuliwe yote. Ioshwe, ikaguliwe nyufa, ipigwe rangi palipochubuka. Ngao ina ubaya mmoja mkubwa: inaficha ugonjwa. Gari lisilo na ngao likivuja oili, asubuhi unaona doa ardhini. Lenye ngao linavujia juu ya bamba, matope yanafyonza, na wewe unaona ardhi kavu ukafurahi. Kwa hiyo dereva wa gari lenye ngao apime oili kwa kijiti kila asubuhi, bila kukosa siku hata moja.

Nimalizie na mambo mawili ambayo chuma hakiwezi.

La kwanza ni maji. Ngao hailindi gari na mto. Mafuriko ya Mbale ya 2022 yaliua watu, na maji yanayokwenda kasi hayaangalii uzito wa gari. Ukikuta maji ya rangi ya udongo yamefunika barabara na huoni chini, simama. Dereva mwenye ngao huvimba kichwa na kudhani anaweza kila kitu. Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Wakati mwingine kwenda pole ni kuzima injini na kungoja.

La pili ni mwisho wa barabara. Kuna vijiji ambavyo gari haliviingii, liwe na ngao au lisiwe nayo. Huko mgonjwa hubebwa na vijana kwa machela mpaka barabara inapoanzia. Kamati za vijiji, kubalianeni mapema na dereva: gari litasimama wapi, nani ana machela, nani ana simu yenye chaji. Gari zima linalosubiri mahali panapojulikana linaokoa watu wengi kuliko gari jasiri lililokwama kilomita mbili mbele yake.

Asanteni kwa kunisikiliza.

MTANGAZAJI: Asante sana, fundi. Msikilizaji, kabla hatujaagana, tukumbuke machache. Osha gari na usome makovu yake kwanza. Tumia stendi, si jeki peke yake. Funga ngao kwenye chesisi kwa boliti, ivulike. Acha tundu la oili na njia ya hewa. Hesabu kilo kabla ya kuongeza chuma. Kaza boliti baada ya safari ya kwanza, na pima oili kila asubuhi.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu cha wasikilizaji: Je, gari la wagonjwa linalohudumia eneo lenu limewahi kuharibika njiani, na ni sehemu gani iliyovunjika? Nani anayelikagua, na lini? Kama barabara ikikatika usiku wa leo, gari lingesimama wapi, na mgonjwa angelifikiaje?

Juma lijalo tutazungumzia kamba na vifaa vya kulitoa gari kwenye matope bila kumuumiza mtu. Mpaka hapo, safari njema.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA MWISHO)